Ghala la Jumuiya

"Neno ni lako, shemeji, sikulitunga mimi! Ulisimama hapa hapa ukasema ghala ni la jumuiya."

"Nilisema, na bado ni la jumuiya," alijibu Lazaro, karani wa baraza, huku akishona mdomo wa gunia. "Shida ni kwamba hujui jumuiya ni nini."

"Mimi?" Martha alicheka kicheko kikavu. "Nimelima na wenzangu shamba moja, tumepura uwele pamoja, tumekula chungu kimoja. Mimi ndiye nisiyejua jumuiya?"

Wanawake waliosimama nyuma yake na vikapu vitupu wakacheka. Lazaro akatoa karatasi yenye mhuri wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akaisoma polepole. Jumuiya ni eneo lote la baraza, kuanzia hapa Mungaa hadi vijiji vyote vinavyolipa kodi pamoja nayo. Chakula kitakwenda kule njaa ilikozidi. Leo lori linaelekea upande wa Itigi.

"Kwa hiyo tulipoleta uwele…"

"Mliupa baraza."

"Tulijiwekea sisi wenyewe! Njaa ikija, tule."

"Mlisikia mlivyotaka, mama Kefa."

"Na wewe ulijua tunavyosikia, ukanyamaza mpaka magunia yakajaa."

Lazaro akakunja karatasi. Akasema kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kwamba kule wameshazika watoto.

Mwanawe Martha, Kefa, alikuwa na siku ya tatu anakula majani ya kuchemsha, na tangu asubuhi hakuwa ameinuka kitandani.

"Wangu hajafa bado," Martha alisema. "Hilo ndilo kosa langu?"

Lori lilipoondoka, wenzake waliinama kuokota punje mavumbini, wakigombana na kuku. Yeye akaenda nyumbani moja kwa moja, akatungua kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya moto.

Mama mkwe wake akainuka ghafla. "Hiyo ni mbegu! Mvua iko karibu. Tutapanda nini?"

"Sijui, mama."

"Mume wako Mughwai akirudi utamwambia nini?"

"Nitamwambia mwanawe amekula."

Akamimina uwele wote juu ya jiwe, akapiga magoti, akaanza kusaga.