Hapana ya Daktari Hironimus

Wagonjwa wa Daktari Hironimus walijua namna ya kumjibu. Akiuliza kama umekunywa mitishamba, unasema hapana. Aliyethubutu kusema ndiyo alifokewa mbele ya foleni nzima, akaitwa mshamba, akatoka pale na fedheha inayouma kuliko ugonjwa wenyewe.

Tangu biashara huria iruhusiwe, soko la Songea lilikuwa limejaa kila kitu: mitumba, redio za betri, na dawa za miti zinazonadiwa kwa kipaza sauti. Dawa iliyovuma zaidi iliuzwa katika chupa za soda zilizozibwa kwa nta nyekundu. Hironimus aliitukana kila alipopata nafasi. Lakini mgongo ulipomtesa na vidonge vyake mwenyewe vikashindwa, alimtuma mkewe Theodosia amnunulie. Alikunywa chumbani, mlango umefungwa.

Haukupita muda macho yakawa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Akalazwa katika wodi ya wanaume, wodi aliyoiongoza mwenyewe. Kwenye kitanda cha pembeni alilala Mzee Gaspari, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, naye macho ya njano. Hironimus ndiye aliyempokea mzee huyo. Alimuuliza swali lake, mzee akasema hapana, naye akaandika kwamba ini limeshambuliwa na virusi.

Daktari Pamela, ambaye Hironimus ndiye aliyemfundisha kazi, alikuja kumpima. Akaona haya kumuuliza mkuu wake swali lile, lakini akauliza.

"Hapana," alisema Hironimus.

Theodosia alikuwa anamenya chungwa. Kisu kikasimama.

Kwenye kitanda cha mbele yao alilala Pankrasi, dereva aliyevunjika mguu. "Wodi yetu ina bahati, Dokta," akasema. "Hamna hata mmoja anayekunywa miti. Tunaumwa hivi hivi tu." Wagonjwa wakacheka ndani ya mashuka.

Mchana Getruda, mkamwana wa Mzee Gaspari, alileta uji. Akatoa chupa kwenye khanga, akaubandua ule mfuniko wa nta nyekundu, akamtilia mzee kwenye uji kidogo kidogo. Alipoona daktari anatazama, aliificha chupa haraka na kuinamisha kichwa. Hironimus aligeukia ukutani. Alikuwa ameshaelewa kinachowaua wote wawili. Neno moja tu lingetosha, lakini neno hilo lingesikiwa na Pankrasi, na Pamela, na mji mzima. Theodosia akamwinamia. "Baba Remmy, sema," akamnong'oneza. Mumewe akamwambia anyamaze, atasema kesho.

Kesho yake Mzee Gaspari hakumtambua mkamwana wake. Alikuwa akiongea na watu wasiokuwapo, akiwaamuru kwa Kingoni waanike tumbaku.

Hironimus akaketi kitandani, akamwita Pamela, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni kwamba alidanganya. Amekunywa, na mzee huyu anakunywa ileile. Hakuna aliyecheka. Pankrasi akapeleka mkono chini ya godoro, akatoa chupa yake, akamkabidhi nesi bila kumtazama mtu.

Pamela alisimamisha dawa ile, akamtundikia mzee dripu ya sukari, kisha akamrudia mkuu wake. "Ikiwa dawa ya sokoni inaharibu watu maini, tunamwarifu nani, ili na wa Mbinga na Tunduru wajue?"

Miaka yote ya udaktari Hironimus hakuwahi kujiuliza hilo. Alijua kufoka tu.

"Sijui," akasema.

Getruda alitoka kitandani kwa mkwewe, bakuli la uji mkononi, akazunguka kitanda cha daktari hadi upande wa ukutani. Hakupandisha sauti.

"Dokta, shikamoo. Jana nilipokuwa namtilia baba, ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa nakuangalia."

"Na ulikuwa unajua."

Theodosia alifumba macho. Wodi nzima ilikuwa inasubiri, na safari hii hakukuwa na ukuta wa kugeukia, kwa kuwa Getruda alikuwa amesimama upande huo.

"Nilikuwa najua," akasema Hironimus.