Na Wengine

Kazini walimwita Bibi Nukta, na msidhani ni kwa mapenzi. Alikuwa mwandaaji wa katalogi katika maktaba kuu, yaani yule mtu ambaye kila kitabu kipya hupitia kwake kabla hakijapata rafu, naye hukiandikia maelezo: kinaitwaje, kaandika nani, kimechapwa wapi, kina kurasa ngapi, kimo chake sentimita ngapi. Maelezo hayo hayaandikwi ovyo ovyo. Yana kanuni, na kanuni zina kitabu chake, kinene kama tofali, na Bibi Nukta alikijua kitabu hicho nje ndani. Kabla ya jina la mwandishi weka mkwaju, kile kistari cha kulala. Kabla ya mkwaju acha nafasi, baada ya mkwaju acha nafasi. Ole wako usahau nafasi! Makarani wa kaunta walitaniana kwamba ukimsalimia Bibi Nukta bila kuweka mkato, haitikii.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita vyoo, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la pili. Watu walifika mlangoni, wakabwaga maboksi ya vitabu, wakaenda zao. Kuna siku ilipita nzima asisikie sauti yake mwenyewe mpaka jioni, pale anapomuaga mlinzi getini. Nyumbani nako yale yale. Vyumba viwili, kikombe kimoja kando ya sinki, na redio aliyoiwasha si kwa ajili ya habari, bali ili pawe na mtu anayezungumza. Tuseme ukweli tu: mwanamke huyu alikuwa mpweke, na alijua vizuri sana ni nani anayemkosa. Alimkosa mdogo wake.

Walizaliwa wanne tumbo moja. Kaka mkubwa, kisha yeye, kisha kaka mwingine ambaye ni dereva wa malori, na wa mwisho msichana, kitinda mimba. Mama yao alipougua, kaka mkubwa alituma salamu. Wa malori alipita siku anazopita. Bibi Nukta alikwenda kila Jumapili na matunda kwenye mfuko, akakaa, akarudi. Kitinda mimba ndiye aliyehamia. Alimwosha mama, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akafunga saluni yake mpaka wateja wakazoea kwingine.

Mama akafariki. Ikabidi tangazo litoke gazetini, na nani wa kuliandika? Si yeye, msomi wa nyumba, anayeshinda na kalamu? Basi Bibi Nukta akakaa mezani, macho yamevimba kwa kulia, akauachia mkono uandike ulivyozoea. Na kanuni yenyewe inasema hivi: waandishi wakiwa watatu au pungufu, wataje wote. Wakizidi watatu, mtaje wa kwanza peke yake, halafu andika "na wengine". Watoto wa marehemu walikuwa wanne. Akaandika: ameacha watoto, akalitaja jina la kaka mkubwa, akaongeza "na wengine". Akatia nukta.

Jamani! Hakukusudia. Mtu mwingine angekosea kwa haraka au kwa kutojua. Huyu alikosea kwa usahihi. Hata jina lake mwenyewe hakuliweka. Kaka mkubwa hakuona kasoro yoyote, na angeionaje, wakati lake lilikuwepo? Wa malori alicheka, akasema yeye kuitwa "wengine" ni kupandishwa cheo. Lakini kitinda mimba alilisoma lile gazeti akiwa wima, akalikunja, akamuuliza dada yake mbele ya waombolezaji, "Mimi ndiye wengine?"

Na Bibi Nukta, badala ya kumshika mkono mdogo wake, akajibu kwa sauti ile ya ofisini: "Ndiyo kanuni."

Laiti angenyamaza tu. Tangu siku ile mdogo mtu hakupokea simu yake hata moja. Ujumbe haukujibiwa. Kaka mkubwa akitumwa kusuluhisha, anarudi na jibu lile lile: "Anasema hana dada." Miaka ikaanza kwenda. Bibi Nukta akajikaza kisabuni, kama wasemavyo, maana moyoni alibaki na kitu kimoja cha kujishikilia: alifuata kanuni, na aliyefuata kanuni hana kosa.

Mpaka siku walipoletewa mkufunzi.

Alikuwa bwana mmoja mchangamfu, mwenye kompyuta mpakato na maneno mengi, kaja kuwafundisha kanuni mpya za katalogi. Chumba cha mikutano kilijaa watu wanaopiga miayo. Alipofika kwenye habari ya waandishi akasema, kama anayetaja kitu kisicho na uzito wowote, "Na ile ya kumtaja mmoja na kuandika 'na wengine', tunaachana nayo. Tajeni wote. Wawe wanne, wawe kumi na wanne, kila mtu na jina lake."

"Kwa nini?" Bibi Nukta aliuliza.

"Kwa nini tunawataja?"

"Kwa nini tulikuwa hatuwataji."

Mkufunzi akacheka. "Kadi, mama. Zamani katalogi ilikuwa ya kadi za karatasi, na kadi zenyewe ndizo zile, ndogo. Majina hayaenei. Siku hizi kuna kompyuta, nafasi ipo tele."

"Wameiacha lini?"

"Ah, siku nyingi! Sisi huku ndio habari zimetufikia na vumbi. Wenzetu walishaisahau."

Bibi Nukta akauliza mwaka, akatajiwa. Ulikuwa mwaka wa nyuma kabisa, mama yao bado anatembea na kwenda sokoni mwenyewe. Kwa hiyo siku ile anamwambia mdogo wake "ndiyo kanuni", wenye kanuni walikuwa wameshaitupa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akachukua mkoba, akatoka katikati ya somo, na makarani wakatazamana kama waliomwona mfu akifufuka.

Mdogo wake alikuwa bado anakaa katika nyumba ya mama, ng'ambo ya mji. Mlango wa mbele ulikuwa na grili, umefungwa kwa kufuli kwa ndani.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?" Kitinda mimba akatokea ukumbini, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa amekonda.

"Dada yako."

"Sina dada. Nina wengine."

Njia nzima Bibi Nukta alikuwa amepanga maneno, na yote yakamtoka kichwani. Akaropoka, "Wameifuta ile kanuni."

"Umekuja mpaka hapa kuniletea habari za ofisini kwenu?"

"Hapana. Hapana, mdogo wangu. Nimekuja kusema nilikosea. Nilikosea kuandika, na uliponiuliza nikakosea zaidi. Lakini sikukuonea peke yako. Hata mimi sikujitaja."

"Wewe ulijiweka humo kwa hiari yako," mdogo mtu akasema. "Mimi ulinisukuma."

Akageuka, akaingia ndani. Bibi Nukta akajua ndiyo basi tena, safari imekwisha. Lakini mwenzake akarudi na kiti cha jikoni, akakiweka nyuma ya grili, akaketi. Ufunguo hakuja nao. Bibi Nukta akakaa chini kwenye ngazi, na sketi yake ya kazini.

"Unajua mama mwisho mwisho alikuwa hanitambui?" kitinda mimba akauliza.

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Wewe ulikuja Jumapili, akakuona, akafurahi, akakuita jina lako. Ukiondoka, anaendelea nalo. Namwosha, ananiita jina lako. Namlisha, ananishukuru kwa jina lako, 'Mungu akuzidishie, mwanangu,' na mwanangu ni wewe. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Mama, ni mimi. Basi anaogopa, analia, anauliza huyu mtu baki anatafuta nini chumbani kwake. Nikaacha. Akiita jina lako, naitika abee. Hata asubuhi ile ya mwisho alikuita wewe. Nikasema, abee mama, nipo. Ndipo akatulia, akaenda."

Bibi Nukta alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Sikuona wivu," kitinda mimba akasema. "Nikajiambia, ni ugonjwa. Humu ndani nitakuwa wewe mpaka aondoke, haidhuru. Lakini gazeti likitoka, mimi nitakuwemo. Nililingojea lile gazeti, dada. Niliamka mapema, nikaenda kulinunua mwenyewe."

Machozi yakamshuka Bibi Nukta na hakuyafuta. Aliinuka, akazishika nondo za grili, akamwita mdogo wake kwa jina lake kamili: la kwake, la baba, na la babu.

Hakuitika.

Akaita tena.