Raundi ya Kwanza

Yule bwana alikuwa akijaza gari lake mafuta nami najaza langu, saa mbili asubuhi, jua la Florida limeshaanza kuchoma. Aliniangalia mara moja, akarudia tena, kisha akaweka ile sura watu wanayoiweka wakifika msibani.

"Pole na kiwiko, kaka," akasema. "Nilikuwa nimekupanga raundi ya sita. Imebidi nikuache."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika bomba la mafuta. Nakumbuka kwa sababu sikuweza kuliachia. Ilikuwa Jumapili, mwezi wa Machi, na kesho yake saa nne nilikuwa niweke sahihi kwenye mkataba wa miaka minne, wa kwanza mrefu maishani mwangu na, kwa umri niliokuwa nao, wa mwisho. Vipimo vya klabu nilikuwa nimeshavipita mwezi wa Februari. Maumivu yalikuja baadaye, siku kumi tu kabla ya asubuhi ile, na nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani.

Nilimwuliza kasikia wapi. Akasema kwenye podikasti, tangu jana, kila mtu anajua. Halafu, kwa adabu kabisa, akataka kujua kama nitarudi kabla ya Agosti, maana ligi yao inaruhusu kumweka majeruhi mmoja benchi. Nilichomoa bomba, nikaingia garini, nikaondoka bila kufunga tangi.

Naitwa Emmett Kubacki. Nilikuwa mrushaji wa besiboli kwa miaka kumi na moja, na kama uliwahi kulisikia jina langu, ulilisikia likifuatiwa na kiungo cha mwili. Bega, nikiwa na miaka ishirini na moja. Kiwiko, ishirini na tatu: walichukua ukano kutoka kifundo cha mkono wangu wa kushoto wakaushonea kulia. Mbavu. Kidole cha kati. Bega tena. Nikiwa mzima, wapigaji wa timu pinzani walikuwa wakirudi benchi wakinung'unika wenyewe, na siku hizo watu walinipenda sana. Nikiumia walinitukana. Waliniita Vigae. Waliniita Bwana Plasta. Mzee mmoja aliniandikia barua, stempu na kila kitu, akitaka nimwombe radhi mkewe kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia fungate: alikuwa ameshinda hotelini akihangaika kutafuta wa kujaza nafasi yangu.

Usidhani mzee yule alikuwa shabiki wa timu yangu. Alikuwa mtu wa ligi za kubuni. Wanakaa watu kumi au kumi na wawili, wanagawana majina ya wachezaji wa kweli, kila mtu jina moja kwa zamu, raundi baada ya raundi, na kila tunachokifanya uwanjani kinawapa wao pointi. Kila mwezi wa Machi wataalamu wao walikuwa wakiandika thamani yangu. Dhahabu akiwa mzima, waliandika. Mchukue ukiwa na moyo mgumu. Usimtegemee zaidi ya mechi kumi na tano. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuamka asubuhi akashindwa kushika mswaki, lakini walinijua mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa nikizisoma zote. Hasira zangu nyingi nilizipata hapo, kwenye simu, kabla ya kunywa kahawa.

Baba yangu naye alikuwa na ligi yake.

Ilikuwa ya wanaume kumi na wawili wa mji wetu, Wexley, magharibi ya Pennsylvania, na walikutana katika ukumbi wa wazima moto wa kujitolea. Siku yao ya kugawana majina ilikuwa Jumamosi ya pili ya Kwaresima, asubuhi, baada ya Ijumaa ya samaki wa kukaanga, wakati ukumbi bado unanuka mafuta na meza ndefu hazijakunjwa. Baba alikuwa fundi wa kutandika mazulia, magoti yote mawili yamekwisha, na ligi ile ndiyo starehe pekee aliyobaki nayo tangu Mama alipofariki. Tangu mwaka niliopanda ligi kuu walikuwa na utaratibu wao. Ikifika zamu ya Baba katika raundi ya kwanza, anasimama, anataja jina langu kamili pamoja na jina la ubatizo, na wale wengine wanagonga meza kwa vikombe vya kahawa. Hakuna aliyethubutu kunichukua kabla yake. Ulikuwa uchaguzi wa kipumbavu, kila mtu alijua, na kwa sababu yangu Baba alishika mkia au akakaribia kuushika miaka minane mfululizo. Wakamtania. Yeye akacheka nao.

Ndiyo maana yeye ndiye niliyemwambia. Jumatano ya wiki ile nilimpigia simu nikiwa nimekaa kwenye sakafu ya bafu la nyumba ya kupanga. Yeye ndiye aliyenifundisha kurusha, nyuma ya ghala la mazulia, na yeye ndiye aliyeniacha nirushe mechi mbili kwa siku moja nikiwa na miaka kumi na miwili kwa sababu kocha aliomba na mimi sikukataa. Hilo hatujawahi kulizungumza.

"Ndani au nje?" akauliza.

"Ndani."

Alijua maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko maana yake nini: ukano.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi usimwambie mtu mwingine," akasema. "Weka sahihi kwanza."

Sijifanyi malaika. Nilikuwa naficha, na nilijua naficha. Lakini klabu ile ilikuwa imenidunga sindano mara ngapi ili nimalize msimu wao, na kila mara nikaambiwa nikapumzike nyumbani kwa gharama ya mwili wangu mwenyewe. Nilitaka safari hii, mara moja tu, gharama iwe yao.

Kilichotokea Jumamosi nilisimuliwa na dada yangu Janine, aliyekuwa akiwahudumia kahawa. Zamu ya Baba ilikuwa ya nne. Alisimama. Wale wanaume wakashika vikombe tayari. Baba akavaa miwani, akaangalia karatasi yake, akataja mrushaji mwingine, kijana wa Seattle, kisha akakaa.

Hakuna aliyegonga meza. Janine anasema alidhani Baba anatania. Raundi ya pili ikapita, ya tatu, ya tano, na jina langu likabaki limebandikwa ubaoni pamoja na ya wasiochukuliwa. Katika raundi ya saba Rudy Sobczak, fundi bomba, mtu anayemjua Baba tangu darasa la kwanza, aliuliza kwa sauti ya chini:

"Len, mwanao bado yupo ubaoni. Umemwona?"

"Nimemwona," Baba akasema.

Ni hayo tu. Hakusema neno la kiwiko. Hakuhitaji, kwa sababu wanaume kumi na mmoja walikuwa wakimtazama usoni, na wote walijua kwamba Len Kubacki angemchukua mwanawe hata akiwa kwenye machela. Mpwa wa Rudy ana podikasti inayosikilizwa na watu wa ligi za kubuni nchi nzima. Rudy alimpigia kabla viti havijakunjwa. Kufikia jioni kijana alikuwa anatangaza kwamba baba mzazi wa Kubacki amemkataa mwanawe, kwamba bila shaka ni kiwiko tena, na kwamba mwenye akili asubiri taarifa ya daktari.

Jumapili mchana klabu iliomba kipimo kipya, kwa tahadhari tu, wakasema. Jumatatu saa nne, saa ile ya sahihi, nilikuwa nimelala ndani ya mashine ya MRI nikisikiliza ikigonga. Ukano ulikuwa umechanika zaidi ya nusu. Mkataba ukarudi kwenye droo ya mtu, na wakala wangu, ambaye kwa kawaida haachi kuongea, akanipigia akashindwa kuanza.

Nilifika Wexley mwezi wa Aprili, siku tisa baada ya upasuaji, mkono umefungwa kifuani. Baba alikuwa jikoni anakata vitunguu. Aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia sikuja kula.

Nilimwuliza kwa nini hakunichukua. Angenichukua kwa kujifanya tu. Jina moja, kama miaka yote minane, na asingegundua mtu.

Aliweka kisu chini. Naapa alikuwa akitafuta jibu la kweli, na hilo ndilo lililoniua.

"Raundi ya kwanza unapewa mara moja tu, Emmett," akasema. "Na wewe ulikuwa umeshaniambia hutacheza."

Nikamngoja aendelee. Nilidhani atasema alitaka kuniokoa, kwamba hakutaka nirushe juu ya kiwiko kilichochanika, na kama angesema hivyo, hata kwa uongo, ningeupokea uongo ule nikaishi nao. Akasema hakuwaza kama wangemsoma. Alikuwa ameangalia karatasi yake tu. Miaka minane watu wanamcheka, akasema, na mwaka ule alitaka na yeye ajaribu.

Nilitaka kumpiga baba yangu. Nilitaka kumpiga kwa mkono wa kushoto, maana ndio pekee niliokuwa nao. Badala yake nilisukuma ubao wa vitunguu ukaenda chini, nikamwambia kwamba yeye ni sawa na yule mzee wa fungate, sawa na kila mpuuzi aliyewahi kunitumia matusi, tofauti ni kwamba wale hawakunizaa. Alianza kuinama aokote vitunguu, na kwa magoti yale ilimchukua muda, nami nikasimama nikamwangalia bila kumsaidia. Kisha nikaondoka.

Mwaka ule alishinda ligi. Kijana wa Seattle hakukosa mechi hata moja. Janine alinitumia picha ya Baba na kikombe cha bati, nikaifuta kabla haijafunguka vizuri.

Nilirudi uwanjani baada ya miezi kumi na minne, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, ile ambayo klabu inaweza kukutupa Jumanne yoyote. Mpira wangu ulikuwa umepungua kasi na wapigaji waliuona ukija. Nikiwa na thelathini na tatu nilipigiwa simu na msaidizi wa msaidizi, nikaambiwa asante. Miaka miwili ya mwanzo sikuongea na Baba kabisa. Kisha tukaanza kuongea tena, polepole, kuhusu theluji na magoti yake, na nilikuwa nikikata simu nikiwa nimeuma meno.

Siku hizi nafundisha warushaji wa klabu ndogo, wale wanaongoja kupandishwa ligi kuu. Machi mwaka juzi nyota wao alikuwa Amaury Peguero, mtu wa Santo Domingo, miaka ishirini na minne, mkono wa ajabu. Kila mtaalamu alikuwa anaandika thamani yake. Na Baba, tangu Januari, alikuwa akiwatangazia pale ukumbini kwamba Amaury ni wake raundi ya kwanza, asimguse mtu, kwa sababu mwanawe ndiye anayemfundisha na amemhakikishia.

Ijumaa asubuhi Amaury aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akaweka vidole viwili upande wa ndani wa kiwiko chake. Aliniomba nimpe hadi Jumatatu. Mkewe alikuwa njiani kuja na mtoto mchanga, na alitaka amwambie yeye kwanza, ana kwa ana, kisha aende mwenyewe kwa daktari, kwa miguu yake. Nikamwambia mpaka Jumatatu harushi hata jiwe. Akakubali, tukapeana mkono wa kushoto.

Jioni ile ile Baba akapiga simu. Akaniambia samaki walikuwa wakavu mwaka huu. Akaniambia Rudy amefanyiwa upasuaji wa jicho. Kisha akasafisha koo.

"Na huyu Amaury wenu? Yuko sawa?"

"Yuko sawa," nikasema.

Nilichelewa kujibu. Labda kwa pumzi moja. Upande wa pili nikasikia penseli ikipita juu ya karatasi.

"Usimfute," nikasema.

"Nani kasema nafuta?"

"Nakusikia, Baba. Mwandike tena. Kesho utasimama, utamchukua raundi ya kwanza kama ulivyowaambia."

"Nitashika mkia, Emmett."

"Shika."

Alikuwa na miaka sabini na sita. Nilimsikia akivuta pumzi kupitia puani, kama alivyokuwa akifanya akipima chumba ambacho zulia halitatosha. Nilikuwa na maneno ya miaka saba mdomoni na sikusema hata moja. Akasema kahawa yake inapoa, akakata simu.

Janine alinipigia kesho yake adhuhuri. Baba alisimama, Janine akasema, akavaa miwani, akalitaja jina la Amaury Peguero lote, mpaka jina la upande wa mama, ambalo sijui alilipata wapi. Rudy akamwuliza kama ana uhakika, maana alionekana amekunja uso. Baba akamwambia ashughulike na jicho lake.

Amaury alizungumza na mkewe, kisha na daktari, Jumatatu, kwa maneno yake mwenyewe. Baba alishika mkia kwa tofauti kubwa kuliko miaka yote, na hajalalamika hata siku moja. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Kumbe aliweza.