Dawa Zilizobaki

Kisiki kilichomchoma Mashimba hakikuwa cha shambani kwake. Kwake yeye, pamba ikishavunwa, miti yake yote hung'olewa, ikarundikwa, ikachomwa moto, kama walivyofundishwa enzi zile bwana shamba alipokuwa anatembea kwa miguu na kumjua mtu kwa jina la baba yake. Siku hizi bwana shamba haonekani. Wakubwa walitangaza soko huria, kila kitu ruksa, basi na uvivu nao ukawa ruksa. Pande zote za Kasoli watu waliwauzia pamba wanunuzi wa malori, wakaacha miti imesimama mashambani hadi Oktoba, wengine wakaikata juu juu tu kwa kuni. Mashimba alikatisha shamba la jirani yake Machibya akimfuata ng'ombe mtoro, na kisiki kikapenya kandambili, kikamwingia kwenye unyayo kama msumari.

Hakulalamika. Tangu mkewe Milembe alipofariki, miaka miwili nyuma, malalamiko yake yote aliyaelekeza kwa wakubwa, na ya mwili wake yakakosa nafasi.

Siku ya tatu mguu ukavimba. Mashimba akaangua kopo la maziwa ya unga lililoning'inia chini ya paa. Humo ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, vilivyobaki Milembe alipougua kichomi. Akafungua viwili, akamimina unga wake juu ya kidonda, akafunga na kipande cha kanga. Kimoja akakimeza kwa maji ya mtungini. Ndivyo walivyofanya watu wote pale kijijini. Dawa iliyobaki ilikuwa kama michembe ya viazi ghalani: unaianika, unaitunza, siku ya njaa unaifuata.

Siku ya tano Machibya alipita kumjulia hali.

"Mwangaluka, ng'wana Masalu!" akamwamkia kutoka uani kwa jina la baba yake. "Umeoa mke mpya nini? Ng'ombe wanalia zizini na jua liko juu."

"Mke mpya ndiye huyu," Mashimba akajibu, akausukuma mguu nje ya shuka.

Machibya alisogea, akarudi nyuma. Mguu ulikuwa umevimba hadi katikati ya muundi, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, na harufu ilikuwa ya kitu kingine, si ya mtu aliye hai. "Yalaa! Nani kakufanya hivi?"

"Kisiki chako."

"Kisiki changu kina hasira kuliko mwenyewe. Panda baiskeli twende zahanati."

"Zahanati?" Mashimba alicheka kicheko kikavu. "Milembe nilimpeleka huko huko, anahema kama mvukuto. Nilikuta nini? Kufuli. Nikaapa sitakanyaga tena."

"Basi hutakanyaga. Nitakubeba. Hebu niambie, mvua zikija nani atashika plau? Huo mguu ukikatwa, ng'ombe wako watalima peke yao wakikuimbia?"

Mashimba akajiinua kitandani. Plau ndiyo iliyokuwa imebaki. Mke hayupo, binti yake wa pekee ameolewa mbali, na mtu asiye na mguu hafuati ng'ombe kwenye matope. Akachukua kopo lake la dawa, akapanda kwenye kiti cha nyuma.

Zahanati haikuwa na kufuli. Kulikuwa na muuguzi mpya, Lukresia, mwenyeji wa Ipililo huko Maswa, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alipiga goti moja kumwamkia, "Mwadila, baba," na kabla hajajibiwa alikuwa tayari ameshika ule mguu mikononi, bila kukunja pua. Alipofungua kipande cha kanga, Machibya alitoka nje. Yeye hakutoka. Aliosha kwa maji ya moto yenye chumvi, akapasua, akakamua usaha mpaka ikatoka damu safi, na chini kabisa akachomoa kibanzi cha mti wa pamba chenye urefu wa kucha. Muda wote huo alikuwa akimwuliza Mashimba habari za ng'ombe wake, mmoja mmoja, majina na rangi zao, na Mashimba, huku jasho linamtiririka, alijikuta anajibu.

"Huu unga mweupe ni wa nini?"

"Dawa. Ninayo nyingine hapa." Akampa kopo.

Lukresia alivimimina vidonge kiganjani. Vilikuwa kumi na vinne. "Vilikuwa vya nani?"

"Vya mama watoto. Kichomi. Nilivinunua mnadani. Siku ya tatu akapata nafuu, akaomba ugali kwa mlenda. Tukasema tusivimalize, tuweke akiba. Kilipomrudia kilikuja na nguvu zote, nikampa viwili, havikusikia. Ndipo nilipomleta hapa nikakuta kufuli. Wakubwa wamemuua mke wangu, binti, usiniambie vingine."

Lukresia alivirudisha vidonge, akafunga kopo taratibu, akaliweka kando ya mguu wa benchi. Akachukua kalamu ya wino akachora mstari kuuzunguka muundi wa Mashimba, juu kidogo ya pale uvimbe ulipoishia.

"Unaona huu mpaka, baba? Uvimbe ukiuvuka kwa vidole vitatu, utakwenda hospitali Bariadi, na huko sitakudanganya, wanaweza kuukata. Usipovuka, mguu ni wako. Nitakuchoma sindano siku saba. Si sita. Saba."

Kisha akafungua kabati. Boksi la dawa za mwezi lilikuwa karibu tupu. Akatoa vichupa viwili vyenye unga mweupe, akakata vipande vya plasta, akabandika kimoja kimoja, akaandika juu yake. Mashimba alikuwa na elimu ya kisomo cha watu wazima tu, lakini jina lake alilijua kwa herufi. MASHIMBA, kichupa cha kwanza. MASHIMBA, kichupa cha pili.

"Kwa nini umeniandika?"

"Dawa ya siku saba ni ya mtu mmoja. Nikimgawia kila anayekuja kidogo kidogo, hatapona hata mmoja. Nisipokuwa na ya kutosha, namwambia mtu ukweli akatafute mapema. Nikiwa nayo, namwandika."

Siku ya pili uvimbe uligusa wino. Mtoki ulikuwa umemwota kinenani, homa inampanda. Siku ya tatu ulikuwa umeuvuka kwa kidole kimoja. Lukresia aliupima kwa kidole, akasema, "Kesho ndiyo itatuambia." Alikuwa anajiandaa kuchanganya dawa wakati Mhoja, mwenyekiti wa kijiji, alipoingia bila hodi, kofia kichwani, akiwapita akina mama waliokuwa kwenye foleni.

"Sista, nichome hapo haraka. Gari la pamba linanisubiri."

"Unaumwa nini, mwenyekiti?"

"Mafua. Yamenibana hasa."

"Mafua hayasikii sindano hii. Kunywa uji wa moto, upumzike."

"Mimi unanipa uji?" Mhoja alitazama mezani. "Si hiyo hapo? Nivutie kidogo tu, hata haitaonekana imepungua."

"Hiyo ina mwenyewe. Soma jina."

Mhoja aliinama, akasoma. "Mashimba! Mtu wa ng'ombe wanne!"

"Ng'ombe sikuwahesabu, baba. Nimehesabu siku. Pamoja na leo, zimebaki tano."

Mama mmoja kwenye foleni aliguna, na mwingine akajifunika mdomo kwa kanga. Mwenyekiti akaona. "Unajua naweza kuandika barua uhamishwe?"

"Andika," Lukresia akasema kwa sauti ile ile ya chini, huku anavuta dawa kwenye bomba la sindano. "Ila umalizie hivi: anayekuja asisahau sindano za huyu mzee. Baba, geuka."

Mashimba aligeuka. Hakuisikia hata sindano ilipoingia. Maisha yake yote alikuwa ameona vitu vilivyoandikwa jina la wananchi vikipita mikononi mwa wakubwa na kuishia huko huko: mbolea, trekta, mabati ya shule. Leo ameona kichupa kidogo kuliko kidole gumba, chenye jina la mtu asiye na cheo, na mkubwa amenyoosha mkono, na kichupa hakikutoka mezani. Na aliyekizuia ni binti ambaye ukimpuliza ataanguka. Njiani kurudi Machibya aligeuza shingo juu ya baiskeli.

"Upo huko nyuma?"

"Nipo."

"Mbona hujamtukana mtu yeyote tangu tutoke?"

"Kanyaga baiskeli."

Kesho yake uvimbe ulikuwa umerudi chini ya wino. Siku ya tano ulikuwa umefika kifundoni, kidonda kimekauka kingo, homa hakuna. Mashimba aliamka akajiona mzima. Mbingu za upande wa ziwa zilikuwa zimeanza kuwa nzito, mvua iko karibu. Akasema moyoni, mguu si huu, unatembea? Hata zahanati hakwenda. Akachukua jembe, akaenda kwenye kile kishamba cha Machibya, akaanza kung'oa visiki pembeni mwa njia, kwa hasira, kimoja baada ya kingine.

Jua lilikuwa limesimama utosini aliposikia, "Mwadila, baba." Lukresia alikuwa amesimama kwenye njia, viatu vimejaa vumbi jekundu, ameshika kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Kutoka zahanati hadi pale ni mwendo wa saa nzima na ushee.

"Umekuja kwa miguu?"

"Wewe hukuja kwa baiskeli." Akaketi kwenye tuta kupumzika. "Pamba si ilishavunwa? Kwa nini unajisumbua na visiki?"

Mashimba alimshangaa, mtoto wa Ipililo asiyejua hilo. "Ukiviacha, mayu, mama yangu, funza wanalala humo humo. Unaona shamba limekauka, limekwisha, kumbe wao wamejificha. Msimu ujao wanaamka na watoto wao, na wakati huo wanakuwa wengi kuliko..."

Jembe lilikuwa bado liko juu. Akalishusha polepole.

Lukresia hakutabasamu, wala hakusema "kumbe unajua." Aliondoa kitambaa kwenye kikapu, akaanza kuandaa sindano.

"Milembe," Mashimba akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Angevimaliza vile vidonge vyote."

Upepo ulipita kwenye miti mikavu ya pamba. Lukresia aliishusha sindano.

"Sikuwepo, baba. Inawezekana angepona. Inawezekana asingepona, kichomi ni kibaya. Mimi sijui, na wewe hujui. Aliyekuuzia alikwambia umalize?"

"Alivifunga kwenye kipande cha gazeti. Akasema kimoja kutwa mara tatu, akamgeukia mteja mwingine."

"Basi hukuambiwa."

"Sikuambiwa." Alikaa chini kwenye udongo. Machozi ambayo hayakutoka siku ya mazishi yalitoka hapo, mbele ya visiki. Baadaye, akijifuta kwa mgongo wa mkono, akasema, "Wakubwa hawa! Walitoa ruksa kila mtu auze dawa. Wa kuzieleza hawakumtuma."

"Mimi nimetumwa," Lukresia akasema. "Geuka."

Siku ya sita na ya saba Mashimba alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake miwili, akawahi kabla ya mlango kufunguliwa. Sindano ya mwisho ilipotoka, kichupa cha pili kilikuwa kimebaki na jina tu. Lukresia akageuza lile kopo la maziwa, akavimwaga vile vidonge kumi na vinne kwenye shimo la taka za zahanati, akalirudisha kopo tupu mikononi mwa Mashimba.

"Wabeja, mayu," Mashimba akasema. Hakuwa mtu wa kushukuru. "Wabeja sana."

Mvua zilikuja. Mashimba alifuata plau yake asubuhi zote, matope yakimpanda hadi pale palipokuwa na ule mstari wa wino, ambao maji yalikuwa yameshaufuta. Siku moja Machibya alimfuata shambani akikokota baiskeli, amejifunga blanketi, anakohoa, ameshika ubavu.

"Ng'wana Masalu, kifua kinanichoma kama kisu. Zile dawa zako zilizobaki, nigawie hata mbili."

"Hazikubaki."

"Hata ya kulamba? Wewe bahili wewe, nimekubeba siku ngapi kwenye baiskeli yangu!"

Mashimba aliwafungua ng'ombe kwenye plau, akaosha miguu kwenye dimbwi, ule wa kovu kwa uangalifu kuliko mwenzake. Akaikamata ile baiskeli iliyoegemezwa kwenye mti, akaigeuza kuelekea njia ya zahanati.

"Panda nyuma," akasema. "Na ujue ni siku saba. Ukiruka moja, nitakuja kukufuata kwa miguu."