Kumuaga Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu ana miaka sita, na kwa Jumapili tatu mfululizo alikuwa amekataa kuzungumza nami kwenye simu. Mara ya kwanza mama yake, yaani binti yangu, aliniambia mtoto amelala. Mara ya pili yuko bafuni. Mara ya tatu hakuwa hata na uongo wa kunipa. Aliigeuza simu ikatazama ukuta, nikasikia mtoto analia na mlango unabamizwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekaa miaka thelathini na wanawake wanaojaribu nguo zisizowaingia, wakiapa kwamba hawajanenepa, kwa hiyo uongo naujua hata kabla haujatoka mdomoni. Nikajiambia, huyu binti ananionea haya. Ameolewa mbali, mume hajui neno la Kiswahili, mtoto anaongea Kiingereza kitupu, na Kiingereza changu mimi ni cha kuokoteza. Wamenichoka. Basi nikavimba. Wiki nzima nilishona kwa hasira mpaka nikavunja sindano mbili, na mteja aliyeuliza gauni lake nilimjibu jibu ambalo ilibidi baadaye nimwombe radhi.

Jumapili ya nne nilipiga simu na sikuzunguka.

"Niambie ukweli. Nimemkosea nini mtoto?"

"Hujamkosea, Mama. Anaogopa."

"Ananiogopa mimi?"

"Anaogopa ukikata simu. Si unakumbuka babu yake wa huku? Alizungumza naye kwenye simu Jumamosi, Jumatatu akafariki. Sasa wewe huwa unakata tu, bila kuaga. Picha ikizimika, ananiuliza kama na bibi amekufa. Kila mara. Mwishowe akaniambia bora asizungumze na wewe kabisa."

Kumbe ni mimi. Kwetu sisi simu haina makuu: unasema haya, mwenzio anasema haya, haya basi, haya, na mmoja anakata. Lakini na mke mwenzangu, kama ninavyomwita kwa utani wa bibi na mjukuu, haya zangu hazikuwa na pa kushika. Nilikuwa na salamu za Kiingereza, nilikuwa na "good girl", na nikiishiwa, nabonyeza kidude chekundu. Nilikuwa naona aibu ya kukaa pale mdomo wazi. Sikuwahi kufikiria upande wa pili kuna mtoto anatazama kioo cheusi.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ungesema nakufundisha adabu."

Ni kweli ningesema hivyo, tena kwa sauti.

"Tujaribu Jumapili ijayo," akasema. "Ila akilia tena, Mama, nitaacha kwanza. Labda mwakani, akikua."

Kwa umri wangu mwakani ni mbali sana. Usingizi ulinipaa.

Jumatano alikuja mteja wangu tunayemwita Mapokezi, kwa sababu alifanya kazi kwenye meza ya mapokezi ya hoteli mpaka alipostaafu. Alikuja kujaribu gauni. Nilimfungia ndani ya lile gauni, pini zikiwa bado kiunoni, nikamwambia hatoki mpaka anifundishe kuaga kwa Kiingereza.

"Kuaga kupi? Kuna kuaga kwingi," akasema, akasimama wima kama yuko kazini. "Take care, maana yake ujitunze. Have a nice day, hiyo ya mchana, hata kwa mtu usiyemjua. See you on Sunday, kama mna siku yenu. Good night ni ya kuagia, usije ukamsalimia mtu nayo. Mwisho bye-bye."

"Nikishasema bye-bye nakata?"

"Ukate, kwani umekuwa polisi? Unasubiri na yeye aseme."

Niliyaandika kwenye daftari la vipimo, kati ya kifua na nyonga za watu, kama nilivyoyasikia: tek kea, si yu on sandei, bai-bai. Tangu siku hiyo kila aliyetoka kwenye chumba changu cha kushonea aliagwa. Mwanamke aliyefuata sketi aliambiwa have a nice day kabla hajalipa, akatoka mbio na sketi, ikabidi arudi mwenyewe kulipa, akicheka.

Aliyenishtua ni fundi viatu wa mlango wa pili. Aliingia kuazima mkasi, tukaongea kidogo, na mimi nikamtupia take care yangu. Akaniangalia.

"Unanifukuza?"

"Nakuaga."

"Anayeondoka ndiye anayeaga, dada. Mwenye nyumba akianza yeye, amekufukuza. Mimi nilikuwa bado nimekaa."

Alichukua mkasi akaenda zake. Kama mtu mzima mwenye ndevu ameona nimemfukuza, mtoto ataona nini? Nilirudi kwa Mapokezi jioni ileile, nikamkuta anaanua nguo. Alicheka mpaka akakaa juu ya beseni.

"Usimshtukize," akasema. "Kwanza mwambie una kazi, unataka kwenda. I have to go now. Mpe nafasi alizoee. Halafu ndiyo uage."

Hapo nilimwelewa. Ni kama pindo: unalikunja kwanza, unalipiga pasi, ndipo unapitisha cherehani.

Jumapili niliegemeza simu kwenye cherehani, daftari likiwa pajani. Binti alitokea, akaangalia pembeni, akanong'ona kitu, na polepole likaingia paji la uso na jicho moja. Mke mwenzangu alikuwa tayari kukimbia.

Tulisalimiana. Akanionyesha jino linalotikisika. Nikamwonyesha langu ambalo halipo. Akasogea, nikapata jicho la pili na pua. Alinieleza habari ndefu ya paka wao, nikaelewa paka tu, nikaitikia yes kila alipovuta pumzi. Halafu maneno yakaniisha, na kwa mazoea kidole kikaanza kwenda kwenye chekundu. Nilikirudisha kwa mkono wa pili.

"I have to go now," nikasema.

Uso wake ukakakamaa. Binti yangu, nyuma yake, akafunga macho.

"Where?" mtoto akauliza. Unakwenda wapi?

Hilo halikuwamo kwenye daftari. Nilinyanyua gauni la Mapokezi, nikalitandaza mbele ya simu, upana wote. "Work," nikasema. "Dress. Big, big woman."

Akacheka. Ee Mola wangu, alicheka mpaka jino likatikisika.

"See you on Sunday."

"Which Sunday?"

Nikamhesabia siku kwa vidole, moja moja, Kiingereza cha darasa la pili, mpaka nikafika Jumapili nikaishika. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye Mungu akipenda. Niliumeza. Mtoto huyu alitaka ahadi, na Mungu nilimwambia pembeni anisamehe.

"Take care," nikasema. "Bye-bye."

Nikasubiri. Sijawahi kusubiri hivyo, hata usiku ule binti yangu anajifungua huko mbali na mimi nangoja simu.

"Bye, Bibi."

Sikubonyeza. Akaniangalia kama nitabonyeza. "Bye," akasema tena, kunipima. Bye, nikajibu. Akasema, nikajibu, akaleta na mdoli naye akaniaga, nikamuaga mdoli. Mara paka akapita mgongoni mwake na kitu mdomoni, mtoto akapiga kelele, na mimi nikiwa ndiyo kwanza naanza take care nyingine, akapeleka kidole chake kidogo akanikatia.

Kioo kikawa cheusi. Nikabaki nimeshika daftari.

Baada ya dakika simu ikalia. Ni binti. "Mama, samahani jamani! Amekukatia katikati ya neno. Subiri nimlete aage vizuri."

"Muache! Ameuliza kama nimekufa?"

Nikamsikia akienda kuchungulia chumba cha pili.

"Hajauliza kitu, Mama. Anamkimbiza paka."

Nililaza kichwa juu ya meza ya cherehani nikalia kwa raha, na gauni la Mapokezi likalowa bega zima.