Maji ya Nne

"Tema, mama Fujie, usimeze," Tamotsu, mfanyakazi mwenzake, alimwambia. "Ukimeza vikombe vyote vitano tutakurudisha nyumbani juu ya mkokoteni wa theluji."

"Wewe uliyetafuna figili ya moshi tangu alfajiri ndiye wa kunifundisha kuonja?" Fujie akamjibu. "Ulimi wako umekwisha kaushwa kama ng'onda."

Ua mzima ukacheka, na Tamotsu mwenyewe akacheka, maana kweli alikuwa ameonja kabla yake na kukosa vikombe viwili. Fujie akatema ndooni. Lakini tone moja alilimeza kwa siri. Miaka ishirini na minane ya kungojea si mchezo.

Kila majira ya baridi, sake mpya ya kwanza, pombe ya mchele, ikishakamuliwa, viwanda vitano vya bonde lile hukutana kwenye ua mmoja. Huwekwa vikombe vitano vyeupe, vyenye duara mbili za buluu chini kabisa, bila jina. Atakayevitambua vyote na kutaja sababu zake kwa sauti, huyo ndiye huvuta kamba na kulipandisha tufe jipya la majani ya mwerezi juu ya mlango, wapita njia wajue kuwa sake imeiva. Zamani walionja wakuu wa viwanda tu. Mwaka huu mzee Kudo, mkuu wa kiwanda hiki, alisema kila anayefanya kazi kiwandani aonje.

Na kazi ya Fujie ilikuwa kufua mifuko. Mifuko mirefu ya pamba ambayo hutiwa rojo la mchele uliochachuka na kukamuliwa, sake ikichuruzika, machicha yakibaki. Alikuwa amefua kwa kibarua katika viwanda vyote vitano kabla ya kutulia hapa, na kila kisima alikijua kwa nyufa za vidole vyake. Tufe lile alilitazama likipandishwa mwaka baada ya mwaka, akiwa kwenye karo lake la kufulia. Leo kamba ilikuwa inaning'inia hatua sita tu kutoka aliposimama, na moyo ulimdunda kama mtoto wa sikukuu.

"Hiki ni cha Darajani," alisema kwenye kikombe cha kwanza. "Maji yao ni laini, hata sabuni haitaki kutoka. Sake yao nayo inateleza, ukitafuta ilipopita huioni."

"Sawa," akasema mzee Kudo.

Cha pili kilimpiga puani kwa harufu ya tufaha la kijani. Cha Juu, kwenye kisima kinachokata mikono kwa baridi. Sawa. Cha tatu kilikuwa na utamu wa njugu zilizochemshwa, kisha ukali kidogo nyuma ya masikio. Cha Kijitoni. Sawa tena, na watu wakaanza kusogea. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Vikabaki viwili: cha Mlimani na cha hapa nyumbani.

Fujie akanusa cha nne. Akanusa cha tano, akaizungusha sake ulimini, akavuta hewa juu yake. Tikiti, wali wa moto, ukungu wa asubuhi. Na chini kabisa, nyembamba kama uzi, harufu ya pamba mbichi iliyofungiwa sandukuni.

Akaijua. Ilikuwa siku ile ya dhoruba, alipokuwa akisuuza mifuko. Vidole vilikufa ganzi, maji ya tatu yakatoka meupe, akajiambia yametosha. Mifuko husuuzwa maji manne.

"Cha tano ni cha hapa," alisema taratibu.

"Sababu?" akauliza Tamotsu. "Au umebahatisha?"

Angeweza kusema tikiti. Tikiti lilikuwamo, na hakuna ambaye angebisha. Na kamba ilikuwa pale pale.

"Ina harufu ya mfuko," alisema. "Nilisuuza maji matatu. Ya nne niliyaacha."

Mtu mmoja akaguna. Mzee Kudo akachukua kikombe, akafumba macho, akakaa nacho mdomoni hadi theluji ikaanza kutua kwenye nyusi zake. Akatema.

"Ipo," alisema. "Tangu juzi naitafuta. Nikadhani pua yangu ndiyo imezeeka, wala sikumwambia hata mke wangu." Akapumua kama aliyetuliwa mzigo. "Ni pipa moja tu, mama Fujie. Mifuko ya kesho?"

"Nitaisuuza upya leo hii."

"Basi hilo pipa tutamnywesha Tamotsu. Ulimi wake hautajua."

"Nalipokea kwa mikono miwili," akasema Tamotsu, na kicheko kikapasuka upya, mpishi akigonga mwiko kwenye ndoo. "Mpeni mama kamba, tumeganda."

Ilikuwa kamba ya majani ya mpunga, ngumu, yenye kukwaruza. Fujie akaizungusha kwenye kiganja chake chenye nyufa. Akavuta, na tufe likaacha ardhi, la kijani kibichi, likinuka msitu. Akavuta tena. Kwa mvuto wa tatu likagusa ukingo wa paa, na watu wakaanza kupiga makofi.

Fujie akaitazama mifuko iliyokuwa ikipepea kwenye waya kando ya karo. Akakaza mkono, akavuta mara ya nne.