Shupaza Badala ya Kopa

Klabuni hakuna aliyemwita fundi mapazia kwa jina lake. Aliitwa "dada yake Nyota". Nyota alikuwa mdogo wake, fundi miwani, aliyefundishwa bridji, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, na huyo huyo dada mtu juu ya meza ya kukatia vitambaa, chaki na mkasi vikiwa vimesukumwa pembeni. Alimfundisha kila kitu, hata namna ya kushika karata jirani asizichungulie. Siku hizi Nyota akicheza, watu wanasogeza viti waje kutazama. Dada mtu akicheza, watu wanakumbuka kwamba hawajanywa chai. Jamani, wivu hauna adabu, huingia hata kati ya watoto wa tumbo moja.

Jumamosi hiyo ulikuwa na sababu mpya. Klabu ilikuwa inapeleka timu ya watu wanne kwenye mashindano, na nafasi tatu zilikuwa zimeshapata wenyewe. Ya nne Nahodha alisema ataitoa mchana ule ule kwa mmoja wa dada hawa wawili, akishawaona wakicheza. Nahodha alikuwa mchora ramani mstaafu, mtu wa maneno ya kuhesabu. Akavuta kiti, akaketi nyuma ya dada mtu, mahali alipoziona karata zake zote.

"Usiwe na wasiwasi, dada," Nyota alisema kutoka ng'ambo ya meza, maana wao wawili walicheza upande mmoja. "Akienda mmoja wetu, tumekwenda wote."

Rahisi kusema hivyo, dada mtu aliwaza, ukishajua kwamba utakayekwenda ni wewe.

Wapinzani wao walikuwa mwalimu wa udereva na mkwewe. Karata za mwisho ziligawiwa, na Nyota akawa wa kwanza kutaja aina yake: kopa. Mwalimu wa udereva hakubabaika. Alipanda mpaka akafika tatu bila turufu, yaani aliahidi kula mizunguko tisa kati ya kumi na tatu, bila aina yoyote kuwa bwana wa nyingine. Dada hawa wakila mitano tu, ahadi yake imevunjika.

Karata ya kufungulia ilikuwa ya dada mtu.

Mwenzio akitaja aina yake, mpelekee. Sheria hiyo alimkaririsha Nyota yeye mwenyewe, tena kwa kumgonga vidole na futi ya mbao. Mkononi alikuwa na kopa mbili ndogo, za kupeleka tu. Lakini alikuwa pia na shupaza tano: malkia, ghulamu, kumi na ndogo mbili zikifuata nyuma. Zilipendeza kuzitazama. Ubaya wake ni kwamba kwingine kote hakuwa na ree wala mfalme, kwa hiyo hata shupaza zikikomaa, kubwa za wengine zikiisha, asingekuwa na njia ya kurudi kula nazo. Nyumba nzuri isiyo na mlango. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angetupa kopa.

Akaigusa kopa. Hapo hapo akaona yatakayofuata: Nyota anakula, watu wanatikisa vichwa, Nahodha anaguna kwa kuridhika. Mimi kila siku wa kupalilia, yeye wa kuvuna, alijiambia. Mpaka lini? Kama ni kukosa, basi tukose wote!

Akaweka mezani malkia wa shupaza. Nyuma yake Nahodha alikohoa.

Mkwe alilaza karata zake mezani wazi, kama mchezo unavyotaka, mwalimu amchezee, na kutoka hapo ikatupwa shupaza ndogo. Nyota alimtazama yule malkia kwa muda. Kisha akamtupia juu yake mfalme wa shupaza.

"Mfalme kaja bila walinzi!" Mwalimu wa udereva alicheka, akamla kwa ree pale pale. Alidhani Nyota hana shupaza nyingine. Dada mtu naye alidhani hivyo, akahisi uso unawaka. Mfalme wa mdogo wake alikuwa ameuawa na malkia wake.

Haukupita muda, mwalimu akahitaji uru, na ree ya uru ilikuwa kwa Nyota. Akala nayo. Sasa atazileta kopa zake, kila mtu aliwaza. Nyota akatoa shupaza ndogo.

Kumbe alikuwa nayo tangu mwanzo. Dada mtu akaila kwa kumi, akamshusha ghulamu, na zile ndogo mbili zikapita kama mabibi harusi, maana hakuna aliyebaki na shupaza. Minne hiyo, na ree ya Nyota, mitano. Ahadi ikavunjika.

"Ungembakiza mfalme," Nahodha alimwambia Nyota, "angekula yeye mzunguko wa pili na kuziba njia, wewe huna shupaza ya kumrudishia, na shupaza za dada yako zingemfia mkononi. Lakini ulijuaje? Wewe ulitaja kopa, yeye kakunyima."

"Hajaninyima," Nyota alisema, akashangaa swali lenyewe. "Huyu ndiye aliyenifundisha. Akiziacha kopa zangu, ana jambo bora zaidi. Kazi yangu ni kumpisha."

Dada mtu alikusanya karata zisizohitaji kukusanywa.

"Nafasi ni ya aliyefungua kwa shupaza," Nahodha alitangaza.

Nyota aliruka, akazunguka meza, akamkumbatia dada yake mpaka kiti kikalia. "Si nilisema? Si nilisema?" Machozi yalimlenga, ya furaha tupu. Dada mtu aliyachunguza kwa makini, akitafuta angalau chembe ya kinyongo, asiione. Wivu ukamrudia palepale, mkali kuliko wa kwanza, kwa sababu moyo wa namna ile hakuna nahodha anayeweza kuugawa.

Nahodha alimwinamia sikioni.

"Karata ilikuwa sawa. Kilichokufanya uitupe nimekiona, nilikuwa nyuma yako. Huko utacheza na mimi, mama. Ukininyima kwa hasira, mfalme wangu sikutupii."

"Kasema nini?" Nyota aliuliza, bado amemshika mkono.

"Kasema nikafanye mazoezi."

"Basi twende nyumbani," Nyota alisema. "Nitakaa mahali pa Nahodha, wewe ufungue."